Karatasi Moja Ukutani, na Mtoto Tuliyemsahau

Wasee, leo sina orodha ya gemu kumi za kukunyima usingizi. Nina historia ya gemu moja tu. Ilikaa dukani chini ya wiki moja, ikapotea miaka 2, halafu ikarudi kwa mlango wa nyuma. Inaitwa Devotion. Kama hujawahi kuisikia, si makosa yako. Na kama umewahi, nina hakika unajua stori ya ile karatasi ukutani na hujui chochote kuhusu msichana anayeitwa Mei-shin. Mimi pia nilikuwa hivyo. Nitawaambia ni nani alinizindua, lakini kwanza tupange mambo vizuri. (Na ndio, nitatoboa mwisho wa gemu. Kama hutaki, rudi baadaye.)

Devotion ilitengenezwa na Red Candle Games, studio ndogo ya Taiwan. Hawakuwa wageni kwa mambo ya kukatazwa. Gemu yao ya kwanza, Detention, ilitoka 2017 na inakupeleka kwenye shule ya sekondari ya miaka ya 1960, wakati Taiwan ilikuwa chini ya utawala wa sheria za kijeshi. Hizo sheria zilianza 1949 na hazikuondolewa hadi 1987. Fikiria miaka 38. Ukipatikana na kitabu kilichopigwa marufuku, unaweza kufungwa, na kuna waliouawa. Detention ilipendwa mpaka ikageuzwa filamu mwaka 2019. Kwa hivyo hawa walikuwa watu wanaojua vizuri kwamba zimwi la kweli halihitaji meno marefu.

Sasa, gemu za kutisha unazocheza kwa macho ya mhusika mwenyewe zilikuwa zimeshabadilika kufikia hapo. Mwaka 2010, studio nyingine ndogo, Frictional Games ya Uswidi, ilitoa Amnesia: The Dark Descent. Hakuna bunduki, hakuna panga. Kitu kikija, unakimbia au unajificha. Mwaka 2014 Konami wakaweka P.T. kwenye duka la PlayStation, bure. Ni korido moja ya nyumba unayoipita tena na tena, na kila ukirudi kuna kitu kimebadilika. Mwaka 2015 wakaiondoa, na aliyekuwa ameifuta hangeweza kuipakua tena. Lakini ile korido ilikuwa imeshaingia vichwani mwa watengenezaji wadogo dunia nzima. Devotion ni mtoto wa hiyo korido.

Ilitoka Februari 19, 2019. Unaingia kwenye fleti moja Taipei, miaka ya 1980. Fleti ni hiyo hiyo, lakini unaipitia ikiwa mwaka 1980, 1985 na 1986, na kila mwaka nyumba inazidi kuwa mbaya. Wewe ni Du Feng-yu, mwandishi wa filamu ambaye jina lake limeanza kusahaulika. Mke wake, Li-fang, alikuwa nyota, akaacha kazi ili awe mama wa nyumbani. Binti yao Mei-shin anaimba kwenye mashindano ya televisheni. Hakuna jitu linalokufukuza muda wote. Kuna bili, kuna ugomvi nyuma ya mlango, kuna michoro ya mtoto. Siku za kwanza watu waliisifu sana, na wachezaji wengi wa China walikuwa kati ya waliokuwa wakiisifu.

Halafu mtu akavuta macho karibu na ukuta.

Kulikuwa na karatasi ya hirizi, aina ile ya karatasi zenye maandishi zinazobandikwa nyumbani kwa kinga. Ndani ya muhuri wake, kwa mwandiko wa kale wa Kichina, kulikuwa na jina la rais wa China, Xi Jinping, pamoja na Winnie-the-Pooh, yule dubu wa katuni. Pembeni kulikuwa na maneno yaliyosomeka kama tusi. Utani wa kumfananisha Xi na huyo dubu ulikuwa mtandaoni tangu 2013, na China huwa inaufuta. Red Candle walisema ni picha ya muda iliyowekwa wakati wa kutengeneza gemu na ikasahaulika. Waliibadilisha haraka, wakaomba msamaha zaidi ya mara moja. Wapi! Maelfu ya maoni mabaya yalimiminwa kwenye ukurasa wao wa Steam, kampuni zilizokuwa zikiwasaidia kuuza zikajitoa, na kabla ya Februari kuisha gemu ilikuwa imeondolewa Steam dunia nzima. Waliokuwa wamenunua walibaki nayo. Sisi wengine tulifungiwa mlango.

Haikuishia hapo. Julai 2019 ilijulikana kwamba Indievent, kampuni ya China iliyokuwa mchapishaji wao, ilikuwa imenyang'anywa leseni ya biashara. Yaani kampuni nzima inakufa kwa sababu ya karatasi ambayo hata haikuichora.

Desemba 16, 2020, duka la GOG la Poland likatangaza kwamba linaileta Devotion. Watu tukashangilia. Saa chache baadaye GOG wakabadilisha nia, eti wamepokea jumbe nyingi kutoka kwa wachezaji. Hawakusema ni wachezaji gani.

Sasa skiza nani alisimama. Ya kwanza ni maktaba. Mwaka 2020, Maktaba ya Harvard-Yenching, Marekani, iliweka Detention na Devotion kwenye hifadhi yake, kama inavyoweka vitabu. Wakutubi, manze! Ya pili ni Red Candle wenyewe. Machi 15, 2021 walifungua duka lao kwenye tovuti yao na kuiuza bila kufuli ya kidijitali. Ukinunua, faili ni yako, iweke hata kwa flashi. Hakuna mtu wa katikati wa kutishwa.

Hiyo ndiyo historia ambayo nilikuwa nikiisimulia kwa raha sana. Serikali kubwa, studio ndogo, dubu wa katuni. Inachekesha na inakasirisha, na hiyo ni mseto mtamu kwa video. Niliisimulia miezi kadhaa kabla sijaicheza.

Kisha nikainunua. Niliicheza usiku, siz wangu akiwa ameketi kando yangu na blanketi.

Mei-shin anaanza kushindwa kupumua. Madaktari wanapima, hawaoni ugonjwa mwilini. Inapendekezwa apelekwe kwa daktari wa akili, na babake anakataa kabisa, kwa sababu mtoto wake hawezi kuitwa kichaa. Badala yake anaenda kwa mwanamke anayejiita mwongozaji, Mentor Heuh, mhudumu wa mungu anayeitwa Cigu Guanyin. Pesa za nyumba zinaisha huko. Mke anaondoka. Mwisho Feng-yu anamweka binti yake bafuni, kwenye pombe ya mchele yenye nyoka, kama dawa, na kumfungia siku 7. Anafanya hivyo kwa upendo. Hapo ndipo gemu inakuua. Na jina lake la Kichina linamaanisha kuondoa nadhiri, kurudi kulipa ulichomwahidi mungu. Usiniambie hukufikiria Shakahola, 2023. Mimi pia nilifikiria.

Lakini siz hakufikiria Shakahola. Alisema, "Simamisha kidogo," akatoka akasimama kwa balkoni.

Alipokuwa Kidato cha Tatu, alianza kushindwa kupumua. Ilikuwa inamshika usiku, hasa wiki za mitihani. Mikono inatetemeka, kifua kinabana, anasema anakufa. Alipimwa mapafu, akapimwa moyo, hakuna kitu. Daktari mmoja akataja mshauri wa kisaikolojia, na neno hilo likatua nyumbani kama tusi. "Mtoto wangu si mwendawazimu," mathe alisema. Tukaenda kesha. Tukapaka mafuta. Tukatoa sadaka ambayo ilikuwa karo ya muhula.

Mathe si mtu mbaya. Ni yeye aliyekuwa akikaa chini kando ya kitanda mpaka asubuhi, akimshika mkono. Aliyetuokoa ni auntie yetu, ambaye ni muuguzi na pia ni mtu wa kanisa. Alimwambia, "Dada, hata mguu ukivunjika tunaomba, lakini plasta tunaweka." Siz akaanza kuonana na mshauri. Leo yuko chuo. Bado humshika wakati mwingine, lakini anajua kinaitwaje na anajua la kufanya.

Aliporudi kutoka balkoni aliniuliza swali moja. "Miezi yote hii umekuwa ukiniambia hii ni gemu ya Winnie-the-Pooh?"

Sikuwa na jibu.

Hapo ndipo nilielewa marufuku inafanya nini. Inakunyang'anya kitu mara mbili. Kwanza inakitoa dukani. Halafu, hata kikirudi, kinarudi na jina jipya: kile kilichopigwa marufuku. Sisi tunaojiita watetezi tunalibeba hilo jina kila mahali, na kile kitu kilikuwa kinasema nini tunasahau. Waliokasirikia karatasi waliangalia karatasi. Na sisi tuliowacheka pia tuliangalia karatasi hiyo hiyo. Mei-shin alikuwa chumba cha pili, amefungiwa, na hakuna upande uliofungua mlango.

Sisemi tusahau siasa. Bila Red Candle kufungua duka lao, mimi na siz hatungeketi na hilo blanketi. Ukiweza kununua kitu moja kwa moja kwa aliyekitengeneza, fanya hivyo, kwa sababu unachoshikiliwa na duka kubwa kinaweza kuondoka ukiwa umelala. Ninachosema ni kwamba kazi ya kuitetea gemu haijaisha hadi uicheze.

Kwa hivyo ukiipata, usianze kuvuta macho kwenye kuta ukitafuta ile hirizi. Ilishatolewa. Tafuta karatasi nyingine, yale maua ya tulipu ambayo Mei-shin alikuwa akiyakunja kwa mikono yake kwa sababu aliambiwa yatamponya.

Na kama kwenu kuna mtu anashindwa kupumua usiku na mmeambiwa hana kitu, hebu mwonyeshe mtu mzima mmoja kwenu hii stori. Mwambie ya mguu na plasta. Kwetu ilifanya kazi.