Lekitho

Lekitho (kutoka Kigiriki cha kale: λήκυθος) ni chupa ya udongo wa kufinyangwa iliyotumika katika Ugiriki ya Kale kwa kuwekea mafuta, hasa mafuta ya zeituni. Ina shingo nyembamba, mkono mmoja na mdomo ulio mfano wa kikombe kidogo. Inayojulikana zaidi ni lekitho nyeupe, ambayo watu wa Athens wa karne ya 5 KK waliitumia kwa kuwatolea wafu wao sadaka.

Jina na matumizi ya kawaida

Wagiriki wenyewe waliita lekitho karibu kila chupa ya mafuta, hata ile ndogo ya mviringo waliyobeba wanamichezo. Wataalamu wa leo hulitumia jina hilo hasa kwa chupa ndefu. Shingo nyembamba ilifanya mafuta yatoke kidogo kidogo, jambo la maana kwa kitu cha thamani. Kilikuwa chombo cha kila nyumba, hata Aristophanes katika tamthilia yake Vyura (405 KK) aliwachekesha watazamaji kwa kurudiarudia habari ya mtu aliyepoteza lekitho yake.

Lekitho nyeupe

Kuanzia miaka ya 470 KK hivi, wafinyanzi wa Athens walianza kutengeneza kwa wingi lekitho za makaburini. Mwili wa chombo ulipakwa udongo mweupe laini, kisha picha zikachorwa juu yake. Baadaye wachoraji waliongeza rangi nyekundu, buluu, kijani na nyinginezo baada ya chombo kutoka tanurini. Rangi zisizochomwa hubanduka upesi, kwa hiyo chombo hicho hakikufaa kwa kazi za nyumbani. Kwa sababu hiyohiyo, baadhi ya watu waliochorwa wanaonekana leo kama wako uchi: walivishwa nguo za rangi, nayo rangi imetoweka.

Picha hizo hutufundisha mengi kuhusu mazishi ya Athens. Nyingi zinaonyesha wanawake wakileta vikapu vyenye tepe na mashada kaburini, na juu ya ngazi za kaburi zimepangwa lekitho kama hiyohiyo iliyochorwa. Mara nyingi marehemu naye yupo, ameketi au amesimama kimya kando ya nguzo ya kaburi lake, na si rahisi kujua kama aliyekuja kumzuru anamwona. Nyingine zinamwonyesha Charon akingoja na mashua yake kuwavusha wafu. Katika lekitho moja iliyopo British Museum, Hypnos (Usingizi) na Thanatos (Mauti), wote wawili wenye mabawa, wanamlaza askari taratibu mbele ya kaburi. Majina ya wachoraji wengi hayakuhifadhiwa. Yule anayehesabiwa kuwa stadi kuliko wote huitwa Mchoraji wa Achilles, kutokana na picha ya shujaa huyo aliyoichora kwenye chombo kingine.

Chombo ndani ya chombo

Baadhi ya lekitho nyeupe zina siri. Chini ya shingo, ndani kabisa, mfinyanzi aliunganisha kikombe kidogo. Mafuta yaliishia humo, na sehemu kubwa iliyobaki ilikuwa tupu. Ukiitazama kwa nje ungedhani imejaa hadi mdomoni. Hewa iliyofungiwa ndani ingeweza kukipasua chombo tanurini, kwa hiyo kilitobolewa tundu dogo ubavuni. Tundu hilo mara nyingi ndilo linaloitoa siri hiyo, na picha za eksirei huithibitisha.

Sababu iliyo wazi ni kubana matumizi, kwa kuwa mafuta mazuri yalikuwa ghali. Wapo wanaouita udanganyifu. Lakini ni vigumu kuamini kwamba mnunuzi hakujua, maana ni yeye aliyeyamimina mafuta na kuona kikombe kinajaa mara moja. Yaelekea chombo chenyewe kilihesabiwa kuwa sehemu ya sadaka, pamoja na picha yake.

Mwisho wake

Lekitho nyeupe zilikoma kutengenezwa karibu na mwisho wa karne ya 5 KK, wakati wa miaka ya mwisho ya Vita vya Peloponnesos (431-404 KK) au muda mfupi baadaye. Umbo lake liliendelea katika marumaru: lekitho kubwa za mawe zilisimamishwa makaburini kuwa alama, zikiwa na picha za marehemu akipeana mkono na jamaa zake. Nyingi kati ya hizo ni jiwe tupu lisilo na nafasi ndani, na haziwezi kutiwa hata tone la mafuta.