Nadharia ya BCS

Nadharia ya BCS ni nadharia ya fizikia inayoeleza jinsi baadhi ya metali zinavyopitisha umeme bila ukinzani wowote zikipozwa hadi halijoto ya chini sana. Metali iliyo katika hali hiyo huitwa superkondakta. Herufi BCS zinatokana na majina ya John Bardeen, Leon Cooper na John Robert Schrieffer, walioitoa mwaka 1957 katika Chuo Kikuu cha Illinois, Marekani. Walipewa Tuzo ya Nobel ya Fizikia mwaka 1972; kwa Bardeen ilikuwa ya pili.

Jozi za Cooper

Heike Kamerlingh Onnes aligundua huko Leiden, Uholanzi, mwaka 1911 kwamba ukinzani wa zebaki hutoweka ghafla kwenye kelvini 4.2 hivi. Maelezo yake yalingojewa miaka 46, kwa sababu elektroni zote zina chaji hasi na husukumana.

Elektroni ikipita kati ya ioni za metali, huzivuta kidogo. Ioni ni nzito, hivyo huchelewa kurudi mahali pake, na chaji chanya iliyokusanyika huvuta elektroni nyingine. Elektroni mbili zilizofungamana hivyo huitwa jozi ya Cooper. Katika alumini jozi moja hufikia upana wa nanomita 1,600 hivi, kwa hiyo mamilioni ya jozi hupishana mahali pamoja. Modeli ya BCS huchukulia kwamba kila jozi huathiriana na nyingine zote kwa nguvu ileile, na kwa sababu hiyo hesabu ya wastani inatosha.

Tatizo la nguvu ya Coulomb

Msukumano wa chaji, yaani nguvu ya Coulomb, hufika mbali sana, nao uliachwa nje ya modeli kwa sehemu kubwa. Wakosoaji walionyesha pia kwamba hesabu ya jinsi superkondakta inavyofukuza uga wa sumaku ilitegemea namna uga huo ulivyoandikwa, jambo lisilokubalika katika fizikia.

Philip Anderson (1958) na Yoichiro Nambu (1960) walitatua hoja hiyo kwa kuzingatia mwendo wa jozi zote kwa pamoja. Kama nguvu kati ya elektroni zingekuwa za masafa mafupi tu, jozi zingeweza kutetema kama mawimbi ya nishati ndogo mno. Nguvu ya Coulomb hupandisha nishati ya mawimbi hayo: katika alumini hufikia elektronivolti 15 hivi, ilhali kuvunja jozi huhitaji chini ya 0.0004. Hivyo nguvu iliyoachwa haikuharibu matokeo ya BCS.

Mwaka 1963 Anderson alidokeza kwamba utaratibu huohuo unaweza kuzipa chembe masi. Peter Higgs na wengine waliuendeleza mwaka 1964, na chembe ya Higgs ilipatikana CERN mwaka 2012.

Mipaka

Mwaka 1986 Georg Bednorz na Alex Müller waligundua superkondakta za oksidi ya shaba. Baadhi ya oksidi za aina hiyo hufanya kazi hata juu ya kelvini 77, na wanafizikia wengi huona kwamba mitetemo ya ioni peke yake haitoshi kuzieleza.