Tanuri lililopitiliza joto
Ukimwaga maji baridi kwenye bakuli la kioo lililotoka jikoni sasa hivi, pa! Upande uliopoa umesinyaa, ule wa moto bado umetanuka.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950, Donald Stookey wa kampuni ya Corning, Marekani, aliweka kioo chenye lithiamu tanurini kwa nyuzi 600 za Selsiasi. Kidhibiti kikaharibika, joto likafika 900. Alitarajia kukuta uji wa kioo; akakuta bamba jeupe. Lilimponyoka kwenye koleo, likagonga sakafu, lisivunjike! Kumbe ndani yake zilikuwa zimeota fuwele ndogo ndogo.

Ila kutovunjika ukidondoka siyo kuhimili moto (watu huchanganya sana hapa). Hilo lilitaka mchanganyiko mwingine, wenye alumina nyingi zaidi, ambao fuwele zake hazitanuki sana. Mwaka 1958 vyombo vya CorningWare vikaingia madukani: unavitoa kwenye friza, unabandika jikoni.

Zerodur ya Ujerumani inanifurahisha zaidi. Fuwele zake husinyaa zikipata joto, kioo kinachozizunguka kinatanuka, jumla inakuwa karibu sifuri. Ndiyo iliyotumika kwa vioo vinne vikuu vya darubini ya VLT kule Chile, kila kimoja kikiwa na kipenyo cha mita 8.2.