Reli ya Siberia

Reli ya Siberia ni njia ya reli inayoikata Urusi kutoka Moscow, upande wa Ulaya, hadi bandari ya Vladivostok kwenye Bahari ya Pasifiki. Ina urefu wa kilomita 9,289, na ndiyo ndefu kuliko zote duniani. Abiria anayepanda treni katika stesheni ya Yaroslavsky jijini Moscow hulala njiani usiku sita au saba.

Tsar Alexander III alitoa amri ya kuijenga mwaka 1891. Mwezi Mei mwaka huohuo mwanawe Nicholas, akirejea kutoka ziara ya Japani, alizindua kazi Vladivostok kwa kusukuma toroli la udongo. Aliyeusukuma mradi wenyewe hasa ni Sergei Witte, waziri wa fedha kuanzia 1892. Serikali ilitaka njia ya kupeleka askari mashariki, kuhamishia wakulima kwenye ardhi tupu na kufanya biashara na China. Vibarua walikuwa wakulima, askari, wafungwa na Wachina.

Ujenzi ulikwenda mbio, kwa gharama ya ubora. Njia ilikuwa moja tu, vyuma vyake vyepesi, na mito midogo ilivukwa kwa madaraja ya mbao. Treni zilikwenda polepole na kuacha njia mara kwa mara, hata ikabidi sehemu nyingi zijengwe upya. Lakini kufikia 1898 reli ilikuwa imeshafika Irkutsk.

Ilipopita, reli iliinua miji na kuiacha mingine kando. Kwenye mto Ob, mhandisi Garin-Mikhailovsky, aliyekuwa pia mwandishi wa vitabu, alichagua mahali penye mwamba imara pa kujenga daraja. Mahali hapo palikuwa kusini ya Tomsk, mji mkongwe wenye chuo kikuu, ambao uliambulia tawi tu. Kambi ya wajenzi iliyoanzishwa penye daraja mwaka 1893 sasa ni Novosibirsk, mji wa tatu kwa ukubwa Urusi, wenye watu zaidi ya milioni 1.5.

Kizuizi kikubwa kilikuwa Ziwa Baikal, lenye kina kuliko maziwa yote duniani. Pwani yake ya kusini ni majabali yanayoshuka moja kwa moja majini, kwa hiyo wajenzi waliamua kwanza kuvusha treni kwa meli. Kivuko kilichoitwa Baikal kiliundwa Newcastle, Uingereza, kikasafirishwa vipande vipande na kuunganishwa ziwani. Kilianza kazi mwaka 1900, kikibeba mabehewa zaidi ya 20 kwa safari moja na kuvunja barafu kilipopita. Barafu ya katikati ya kipupwe ilikishinda.

Vita na Japani vilipozuka Februari 1904, ziwa lilikuwa limeganda. Waziri wa usafiri, Mikhail Khilkov, alisimamia mwenyewe utandikaji wa reli juu ya barafu kwa zaidi ya kilomita 40. Kichwa cha treni cha majaribio kilitoboa barafu kikazama. Tangu hapo vichwa vilifunguliwa kuwa vipande, na mabehewa yakakokotwa na farasi. Njia ya kuzunguka ziwa, yenye mahandaki yapatayo 40, ilikamilika kabisa mwaka 1905, na vita vilikwisha mwaka huohuo Urusi ikiwa imeshindwa. Kwa kipimo cha kijeshi, basi, reli ilifeli mtihani wake wa kwanza. Kwa kipimo cha kuhamisha watu ilifaulu mno: wakulima kwa mamilioni waliifuata kwenda kuishi Siberia.

Upande wa mashariki reli ya kwanza ilikata njia kupitia Manchuria, ardhi ya China, kwa mkataba wa 1896. Mji wa Harbin ulizaliwa na reli hiyo. Baada ya kushindwa na Japani, Urusi iliogopa kutegemea ardhi ya wengine, ikajenga njia ndefu zaidi kufuata mto Amur. Daraja la Khabarovsk, lenye urefu wa zaidi ya kilomita 2, lilifunguliwa mwaka 1916, na hapo ndipo reli yote ikawa ndani ya Urusi.

Njia ya Manchuria ingalipo, ikiacha njia kuu karibu na Chita na kufika Beijing kupitia Harbin. Nyingine huacha njia kuu Ulan-Ude na kupita Mongolia hadi Beijing; ilikamilika katikati ya miaka ya 1950. Reli za Urusi na Mongolia zina upana wa milimita 1,520, za China 1,435, sawa na SGR ya Kenya na Tanzania. Kwa sababu hiyo mabehewa ya abiria huinuliwa kwa jeki mpakani na kufungwa seti nyingine ya magurudumu, aghalabu abiria wakiwa wamekaa ndani.

Kaskazini kuna BAM, yaani reli ya Baikal-Amur, inayoanzia Tayshet na kupita kaskazini mwa Baikal. Ilitangazwa kuwa mradi wa taifa mwaka 1974, lakini handaki lake la Severomuysky, lenye zaidi ya kilomita 15, lilifunguliwa 2003.

Njia kuu ilianza kuwekewa umeme mwaka 1929, kazi ikaisha 2002. Kwa miaka mingi ratiba zote zilifuata saa za Moscow: saa moja asubuhi Vladivostok, saa ya stesheni ilionyesha saa sita usiku. Tangu Agosti 2018 tiketi huandikwa kwa saa za mahali.