Irabu Tano Shuleni, Saba Nyumbani

Ukipita asubuhi karibu na shule ya msingi yoyote hapa Bunda, utazisikia sauti tano kabla hujamwona mtoto hata mmoja: a, e, i, o, u. Makofi yanapigwa, mwalimu anaongeza herufi, zinakuja ba, be, bi, bo, bu, na darasa la awali zima linayumba. Tumeuzoea wimbo huu hadi tunadhani ulikuwepo tangu enzi. Haukuwepo. Una historia yake, nayo ni historia ya hesabu: nani alizihesabu irabu, na alikuwa anahesabu za lugha gani.

Kwa Waswahili wa pwani hesabu ilianzia chuoni, kwa mwalimu wa Kurani. Mtoto aliimba herufi za Kiarabu pamoja na alama zake tatu, fataha, kasra na dhuma: a, i, u. Kiswahili kilipoandikwa kwa hati hiyo, irabu tano zilibanana katika alama tatu. E ilikaa na i, o ikakaa na u, na msomaji akategemea masikio yake. Tenzi ziliandikwa hivyo kwa karne kadhaa na watu wakazisoma, kwa sababu lugha walikuwa nayo tayari.

Kisha wakaja wamisionari na herufi za Kirumi. Krapf alifika Mombasa mwaka 1844. Steere alichapisha kitabu chake cha kufundishia Kiswahili mwaka 1870, akiwa mmisionari wa Zanzibar. Kanuni yao ilikuwa rahisi: konsonanti zisomwe kama za Kiingereza, irabu kama za Kiitaliano. Hapo ndipo kila irabu ya Kiswahili ilipopata herufi yake. Kamati ya Lugha ya nchi za Afrika Mashariki, iliyoundwa mwaka 1930, ikasimamia tahajia moja kwa shule zote, na hesabu ya tano ikapanda hadi huku Ziwani.

Na jamani, hesabu hiyo imefanya kazi kubwa. Herufi tano kwa sauti tano, na silabi nyingi zinaishia na irabu. Mtoto akishika konsonanti moja ana silabi tano. Akiongeza ya pili, ana kumi. Mwaka 1968 mradi wa kisomo cha watu wazima, wa serikali na UNESCO, ulianza katika mikoa ya Ziwa, Mara ikiwemo. Vitabu vyake vilitokana na kazi za watu wenyewe, na pamba ilikuwa moja. Mkulima aliyeijua pamba shambani akaikuta kwenye karatasi. Novemba 1974, Azimio la Musoma likataka kila mtoto wa umri wa shule awe darasani ndani ya miaka mitatu. Bila lugha inayosomeka kirahisi hivi, sidhani kama tungethubutu kuahidi hivyo.

Lakini nilipoanza kuifuatilia historia hii, swali lilinijia hapa hapa wilayani. Mtoto wa Kibara anayezungumza Kijita nyumbani hana shida: Kijita kina irabu tano. Mtoto wa Nyamuswa anayezungumza Kiikizu anakuja shuleni na irabu saba. Anaimba tano, anapigiwa makofi, na zile mbili hakuna anayemuuliza. Watu wanaokiandika Kiikizu wamelazimika kuziongezea i na u mstari katikati, na hata jina la lugha huandikwa Ɨkɨzʉ. Mtu aliyelelewa na wimbo wa tano akikutana na jina hilo anasita, eti ni lugha ya kigeni. Kumbe ni ya bibi yake.

Kuna atakayesema: mbona Nyerere? Kizanaki nacho kina irabu saba, na mtoto yule wa Butiama aliingia shule ya Mwisenge, Musoma, mwaka 1934, akiwa na miaka kumi na miwili, kisha baadaye akamtafsiri Shakespeare kwa Kiswahili. Ni kweli. Tano hazikumzuia. Mimi sisemi zinamzuia mtoto kusoma Kiswahili. Nasema zinamfundisha, bila mtu yeyote kutamka, kwamba sauti nyingine za kinywa chake haziandikiki.

Tangu 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili umeweka mkazo kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu, na walimu wanasisitiziwa sauti ya herufi kuliko jina lake. Basi tuichukue sauti kwa uzito wote. Wimbo wa tano ubaki shuleni, kazi yake tunaiona. Ila kwenye Kiikizu na Kizanaki watungiwe watoto nyimbo za saba, za kuimbwa nyumbani, kanisani, hata kwenye foleni ya maji. Walioziweka sauti hizo kwenye maandishi wameshafanya sehemu ngumu. Kilichobaki ni wimbo, na bibi wa Nyamuswa wanajua kutunga.