Mak yong yapigania uhai katika nyakati mpya

MAK YONG ni tamthilia ya jadi ya Wamalei ambayo hujumuisha uigizaji, uimbaji, uchezaji na muziki. Ngome yake ni vijiji vya jimbo la Kelantan, kaskazini mashariki mwa Malaysia, ingawa hupatikana pia kusini mwa Thailand na katika visiwa vya Riau nchini Indonesia.

Onyesho hufunguliwa kwa wachezaji kuketi chini wakiielekea rebab, ala ya nyuzi tatu inayopigwa kwa uta, kisha huinuka polepole huku wakiimba. Rebab huandamana na ngoma mbili na patu mbili kubwa. Mhusika mkuu ni mfalme aitwaye Pak Yong, na aghalabu huigizwa na mwanamke.

Sanaa hii haikurithishwa kwa vitabu. Mwanagenzi hujifunza kwa kusikiliza, kutazama na kuiga, akiwa kando ya mwalimu wake miaka nenda miaka rudi. Kwa hivyo, maonyesho yanapokoma, shule nayo huwa imefungwa.

Hayo ndiyo yaliyojiri Kelantan. Mnamo 1991, serikali ya jimbo hilo, inayoongozwa na chama cha Kiislamu cha PAS tangu 1990, ilipiga marufuku mak yong pamoja na wayang kulit, mchezo wa vivuli vya vikaragosi vya ngozi. Hoja yake ilikuwa kwamba sanaa hizo zimebeba itikadi zilizoutangulia Uislamu. Ni kweli kwamba vijijini mak yong ilihusishwa pia na uganga, ambapo mizimu iliitwa ili mgonjwa apone.

Hata hivyo, wapo waliokataa kuiacha izikwe. Bi Khatijah Awang, nyota wa kundi la Seri Temenggung, alitunukiwa hadhi ya Msanii wa Taifa mnamo 1999, mwaka mmoja kabla ya kuaga dunia. Chuo cha sanaa kilichoasisiwa Kuala Lumpur mnamo 1994, ambacho sasa huitwa ASWARA, kimekuwa kikiifunza mak yong kwa vijana wa mjini. Shirika la Pusaka, lililoanzishwa 2002, nalo limeshirikiana na wasanii wa vijijini.

Mnamo 2005, UNESCO iliitangaza mak yong kuwa miongoni mwa turathi bora za binadamu, na 2008 ikaingizwa katika orodha yake ya turathi zisizoshikika.

Marufuku ya Kelantan iliondolewa 2019, lakini kwa masharti: mavazi yawe ya stara, wanaume na wanawake wasichangamane, na vipengele vya ibada viondolewe. Wanaoyatetea masharti hayo husema jamii ya Kiislamu ina haki ya kuitakasa sanaa yake. Wakosoaji nao huuliza: mwanamke asipoweza kuwa mfalme mbele ya hadhira nzima, na dua za ufunguzi zikiondolewa, kinachobaki ni mak yong au ni vazi lake tu?

Swali hilo haliwezi kujibiwa na cheti cha kimataifa. Majibu yamo mikononi mwa wazee wachache wanaozikumbuka hadithi hizo kwa ukamilifu, na vijana walio tayari kuketi kando yao ilhali muda ungalipo.