Stima ya Nairobi Ilitoka Kwetu

Wasee, kabla hujacheka Ruiru ati ni mashambani, jua hii: mwaka 1908 stima ya Nairobi ilitoka hapa, kwa nguvu ya maji ya Mto Ruiru. Baadaye, 1925, Mto Thika ukapata kituo cha Ndula, megawati 2.

Mitambo mizee kama hii wengine wanaitunza. Kule Kinderdijk, Uholanzi, vinu 19 vya upepo vilivyokuwa vikitoa maji mashambani vinakarabatiwa, na tangu 1997 ni urithi wa dunia wa UNESCO. Watu hulipa kuviona. Sisi tunapita tu na mathree. Chuma kikiuzwa skrapu, ushahidi umeisha. Siku ukienda Fourteen Falls, uliza wenyeji Ndula iko wapi.